Jinsi mji mdogo Marekani unavyoomba ruzuku ya jimbo kukarabati bustani za umma

Maswali ni yale yale. Anayeuliza huwa ni karani wa mji wenye wafanyakazi wasiotimia kumi, au diwani aliyeingia juzi, au mzazi aliyejitolea kwenye kamati ya bustani baada ya mtoto wake kujikata kwenye bembea yenye kutu. Je, jimbo linatoa hela za bustani? Linatoa. Je, linatupa kabla hatujajenga? Mara nyingi hapana, na hapo ndipo miji midogo inapoumia. Nani anaandika maombi? Wewe, ndugu yangu, kwa sababu ukitazama pembeni huoni mtu mwingine.

Nimekaa pande zote mbili za meza hii, nikiandika maombi na nikisoma ya wengine, na jambo moja limenikaa kichwani: ombi hushinda au hushindwa kabla fomu haijafunguliwa. Ardhi iwe na hati safi, baraza liwe limetenga fedha, wananchi wawe wameulizwa. Mambo hayo matatu yakiwa tayari, kuandika ni kazi ya wiki mbili. Yasipokuwa tayari, hata ungekuwa na kalamu ya dhahabu ungeshindwa.

Angalizo moja kabla hatujaendelea. Kila jimbo lina kanuni zake, na viwango hubadilika bunge la jimbo likipitisha bajeti mpya. Nikitaja asilimia au tarehe, ichukue kama picha ya namna mambo yanavyokwenda, kisha fungua kitabu cha maelekezo cha mwaka huu cha jimbo lako.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mpango wa bustani na burudani wa mji. Majimbo mengi hayapokei ombi bila huo. Michigan, kwa mfano, hudai mpango wa miaka 5 uliopitishwa na baraza, na huwa unatakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 1 Februari, miezi miwili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, yaani tarehe 1 Aprili. Ukianza kuandika mpango mwezi Machi, umeshachelewa mwaka mzima.
- Hati miliki ya eneo, au mkataba wa kukodi wa muda mrefu.
- Namba ya UEI, yaani namba ya utambulisho wa mwombaji, kutoka SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali ya shirikisho, kama fedha zina asili ya serikali ya shirikisho. Namba hii ilichukua nafasi ya ile ya DUNS mwezi Aprili 2022. Ni bure. Anayekupigia simu akitaka malipo ili akusajili, mkatie.
- Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za mji ya mwaka uliopita.
- Kalenda ya vikao vya baraza la mji.
- Mtu mmoja wa kuwajibika. Kamati haijibu barua pepe, mtu ndiye anayejibu.

Hatua ya 1: Chagua bustani moja na tatizo moja

Mji una bustani tano na zote zinalia. Kishawishi ni kuziweka zote kwenye ombi moja, kila moja ipate kidogo. Usifanye hivyo. Msomaji wa jimbo ana rundo la maombi mezani, naye anataka kuelewa ndani ya dakika chache nini kimeharibika, nani anaumia, na nini kitajengwa. "Tutaboresha bustani zetu" haimwelezi chochote. Lakini ukimwambia kwamba uwanja wa watoto una vifaa vya miaka ya 1980, umesimama juu ya nyasi tupu, na mtoto mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuufikia kutoka maegesho ya magari, tayari ameshaona picha.

Tembelea eneo ukiwa na daftari na futi ya kupimia. Kwa uwanja wa watoto, mwongozo wa usalama wa shirika la shirikisho la usalama wa bidhaa, CPSC, unataka nafasi wazi ya angalau futi 6 kuzunguka kila kifaa, na unasema wazi kwamba nyasi na udongo si sakafu ya kuangukia. Vipande vya mbao vyenye kina cha inchi 9 baada ya kushindiliwa vinahesabika kumkinga mtoto anayeanguka kutoka futi 10. Ukipima ukakuta inchi 2, umeshapata aya ya kwanza ya ombi lako. Piga picha futi ikiwa imezamishwa pale pale.

Hatua ya 2: Tafuta mfuko unaokufaa

Fedha za bustani hupitia milango miwili mikubwa.

Mlango wa kwanza ni wa shirikisho, ila ufunguo unao jimbo. Mfuko wa ardhi na maji, ambao kila mtu kwenye kazi hii anauita LWCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Fedha zake hutokana na mapato ya mafuta na gesi yanayochimbwa baharini, na sheria ya mwaka 2020 iliufanya upate dola milioni 900 kila mwaka bila kuombewa upya. Si zote zinakwenda kwenye bustani za miji, lakini kila jimbo hupata fungu lake na kuligawa kwa ushindani. Mji hurudishiwa hadi nusu ya gharama. Nusu nyingine ni yako.

Mlango wa pili ni mifuko ya jimbo lenyewe, na huko tofauti ni kubwa. Colorado hutumia fedha za bahati nasibu, kwa uamuzi wa wapiga kura wa mwaka 1992. Illinois ina mfuko uitwao OSLAD, ambao hula kwenye kodi ya kuhamisha umiliki wa nyumba na ardhi na kwa kawaida hulipa nusu, huku miji yenye hali ngumu ikiongezewa fungu. Ohio, kupitia mfuko wake wa NatureWorks, hurudisha hadi asilimia 75. Mfuko wa maliasili wa Michigan hutaka mji uweke angalau robo. Texas ni nusu kwa nusu. Florida, kwenye mpango wake wa FRDAP, imekuwa haidai mchango wowote kwa miradi isiyozidi dola 50,000, na mji mdogo unaoogopa kuanza ungefanya vizuri kujifunzia hapo. California ni ulimwengu wake peke yake: wapiga kura waliruhusu jimbo likope fedha kwa dhamana iitwayo Prop 68 mwezi Juni 2018, na mpango wa bustani za mitaa isiyo na bustani ukatoa ruzuku kubwa, nyingine hadi dola milioni 8.5, bila kudai mchango. Ila ushindani wake haukuwa wa mchezo.

Ukiuliza mimi ningeanzia wapi, ningeanza na mfuko wa jimbo wenye makaratasi machache, si LWCF. Sababu ni kifungu 6(f) cha sheria ya LWCF. Ukichukua hata dola moja ya LWCF, eneo lililochorwa kwenye ramani ya mradi linafungwa kuwa la burudani ya nje, daima. Si miaka 20, si hadi meya mwingine aingie. Mji ukitaka baadaye kujenga kituo cha zimamoto kwenye kona ya bustani hiyo, lazima utafute ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua na manufaa yanayolingana, na idhini itoke kwa serikali ya shirikisho. Kwa bustani ambayo hamtaigusa kamwe, kifungu hicho ni ngao nzuri. Kwa eneo ambalo baraza bado linabishania matumizi yake, ni pingu.

Kosa la kawaida hapa ni kuchora mpaka wa mradi kiholela. Watu huzungushia bustani nzima, pamoja na ghala la magari ya mji lililojificha nyuma ya miti. Kisha ghala nalo linaingia kwenye kifungo.

Hatua ya 3: Soma jedwali la alama kabla ya fomu

Kila mfuko wa ushindani una jedwali la alama, na ni la wazi. Lichapishe, libandike ukutani, na kwa kila mstari andika: tunapata ngapi, ushahidi wetu uko wapi?

Niliwahi kusoma ombi lililoanza na kurasa mbili za historia ya mji, waanzilishi wake, reli, kiwanda kilichofungwa. Yamepangwa vizuri kabisa. Alama zake: sifuri, kwa sababu jedwali halikuwa na mstari wa historia. Ombi hilo hilo lilisahau kutaja kwamba basi husimama mbele ya lango la bustani, jambo lililokuwa na alama zake kamili.

Mistari inayorudi karibu kila jimbo ni hii: je, mradi umo kwenye mpango wa mji, je, unaendana na mpango wa burudani ya nje wa jimbo (jimbo hulazimika kuuandika upya kila miaka 5 ili libaki na sifa ya kupata LWCF), je, wananchi walishirikishwa, kipato cha mtaa kikoje, watu wenye ulemavu watafikaje, na mji una uwezo gani wa kutunza kitakachojengwa.

Ukishalisoma, mpigie simu afisa wa ruzuku wa jimbo. Wengi huogopa, wakidhani ni kama kumpigia hakimu. Kumbe ndiyo kazi yake. Muulize maswali matatu tu: mradi wa aina hii unafadhiliwa, miji ya ukubwa wetu hukosea wapi, na je, unaweza kuja kuliona eneo? Wapo wanaokuja. Akija, nyamaza umsikilize.

Hatua ya 4: Hakikisha ardhi ni yenu

Unacheka, lakini hatua hii imeua maombi mengi kuliko sarufi mbaya. Nakumbuka uwanja mmoja ambao watoto walikuwa wanauchezea kwa zaidi ya miaka 40. Mji ulifyeka nyasi, mji ulilipa taa, mji uliweka kibao. Tulipovuta hati, nusu ya uwanja ilikuwa ya wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ni mpaka tu uliosahaulika. Ilibaki wiki tano, na wilaya ya shule ilikuwa inakutana mara moja kwa mwezi. Tuliomba mwaka uliofuata.

Vuta hati kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Angalia kama kuna kampuni ya umeme yenye haki ya kupitisha nyaya, kama kuna bomba la maji taka chini, kama aliyetoa ardhi zamani aliweka masharti. Kama eneo ni la kukodi, mkataba lazima uvuke muda ambao mfuko unadai bustani ibaki wazi kwa umma. Ulizia pia kama eneo limo kwenye bonde la mafuriko, kwa kuwa banda na vyoo havijengwi popote tu.

Hatua ya 5: Waulize wananchi, na uweke ushahidi

Kikao kimoja cha jioni ya Jumanne kwenye ukumbi wa mji, watu wanne, wawili kati yao madiwani, ni ushirikishwaji wa karatasini. Wasomaji wanaunusa. Mpango wa California niliotaja ulidai vikao vya kupanga visivyopungua vitano. Jimbo lako linaweza kudai kimoja tu, lakini fanya viwili au vitatu, na kimoja kiwe ndani ya bustani yenyewe siku ambayo watu wamejaa.

Hapa nina neno na wewe unayesoma kwa Kiswahili. Wengi wetu tumeitwa kwenye vikao hivi kama wakalimani, tukatafsiri, tukanywa maji ya chupa, tukaondoka. Wakati mwingine kaa mezani kama mkazi. Sehemu nyingi utakuta uwanja wa besiboli umelala tupu na vijana waliohamia mtaani wanacheza soka kwenye kipande chenye mawe, na hakuna aliyewauliza. Maoni ya watu hao, yakiandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwa lugha yao na kutafsiriwa, yana nguvu kwa sababu yanaonyesha mahitaji ambayo takwimu za zamani za mji hazina.

Tunza haya yote: tangazo la kikao na tarehe lilipobandikwa, orodha ya waliohudhuria, muhtasari, picha, na kitu kilichobadilika kwenye mchoro baada ya kuwasikiliza. Hicho cha mwisho ndicho adimu. Ukiweza kuandika "banda lilihamishwa upande wa kivuli baada ya wazee kulalamika", umewapita wengi.

Kuhusu barua za kuunga mkono: barua 30 zinazofanana neno kwa neno hazisaidii. Tafuta tatu au nne zenye jambo. Mwalimu aeleze anavyotumia bustani kufundishia, kocha ataje ana watoto wangapi na wanacheza wapi sasa, mkazi mwenye kiti cha magurudumu aeleze anakwamia mlango gani.

Hatua ya 6: Mchoro na bajeti

Tenga muda mwingi hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

Mchoro hauhitaji kuwa wa rangi. Uonyeshe mpaka wa mradi, vilivyopo, vitakavyojengwa, njia za kufikia kila kitu, na mwelekeo wa kaskazini. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, ADA, pamoja na viwango vyake vya 2010, si mapambo. Njia ya kufikia kila kitu unachojenga isizidi mwinuko wa futi 1 kwa kila futi 20. Ikizidi hapo inahesabika kuwa rampu, nayo haitakiwi kuzidi 1 kwa 12. Maegesho yenye nafasi hadi 25 yanahitaji angalau nafasi moja ya watu wenye ulemavu. Kosa ninaloliona sana ni bembea maalumu ya bei ghali iliyowekwa katikati ya nyasi, bila njia. Umenunua kitu cha mtoto asiyeweza kukifikia.

Sasa bajeti. Tuchukue mfano wa mradi wa dola 400,000 kwenye mfuko wa nusu kwa nusu. Watu husikia "mchango wetu ni 200,000" na kupumua. Subiri kwanza. Mfuko ukiwa wa kurudishiwa, mkandarasi analipwa na mji kwanza, dola kwa dola, ndipo mji unapeleka risiti jimboni na kusubiri. Kuna mwezi ambao mji utakuwa umetoa karibu 400,000 zote na haujapokea kitu, au umepokea kidogo. Majimbo mengi pia hushikilia fungu la mwisho hadi mkaguzi apite na kazi ikubalike. Swali la kumwuliza mhazini si "tuna 200,000?" Ni "tunaweza kuishi miezi mitatu minne bila 400,000?"

Bei nazo hazilali. Kati ya siku unayowasilisha ombi na siku mkandarasi anaanza kuchimba, mwaka na nusu unaweza kupita. Kiasi cha ruzuku hakipandi na bei ya saruji. Kwa hiyo pata makadirio kutoka kwa mhandisi au msanifu mazingira, si kutoka kwenye katalogi ya vifaa peke yake. Weka mstari wa dharura, mimi hupenda asilimia 10 pale mfuko unaporuhusu. Usisahau gharama zisizoonekana kwenye picha: kubomoa vya zamani, kuondoa udongo, mifereji ya maji ya mvua, usafirishaji wa vifaa, vibali, kibao cha kumtambulisha mfadhili.

Mchango wa mji si lazima wote uwe taslimu. Mifuko kadhaa hukubali kazi ya wafanyakazi wa mji, mitambo yake, ardhi iliyotolewa, hata saa za wanaojitolea kwa kiwango kilichowekwa. Lakini kila saa inahitaji karatasi yenye tarehe, jina na kazi iliyofanyika. Kama idara yenu ya barabara haijawahi kujaza karatasi za saa, usiweke tumaini huko.

Hatua ya 7: Azimio la baraza

Baraza lipitishe azimio linalosema mambo manne bila kuzunguka: tunaomba ruzuku hii, kwa bustani hii, tutatoa kiasi hiki kutoka mfuko huu wa bajeti, na fulani anaruhusiwa kutia saini. Majimbo mengi yana maneno yao ya azimio tayari. Yanakili yalivyo. Mwanasheria wa mji akitaka kuyapamba, mwombe apambe kitu kingine.

Kagua tarakimu za azimio dhidi ya fomu. Azimio likisema 150,000 na fomu ikasema 155,000, msomaji hajui ni ipi ya kweli, na fomu nyingi hazikupi nafasi ya kueleza. Rudi nyuma kwenye kalenda: azimio huhitaji kuwekwa kwenye ajenda siku kadhaa kabla, na miji mingine hupenda lisomwe vikao viwili.

Hatua ya 8: Andika maelezo

Hii ni fupi, maana kazi umeshaifanya. Fuata mpangilio wa maswali ya fomu, hata kama haukupendezi. Anza kila jibu na jibu lenyewe. Tumia namba zako: kina cha vipande vya mbao, idadi ya kaya zilizo ndani ya mwendo wa dakika 10 kwa miguu, kipato cha kati cha mtaa kutoka takwimu za sensa. Ondoa "ya kipekee", "ya kisasa" na "itabadilisha maisha". Mpe mtu asiyejua mji wenu asome, kisha umuulize kitajengwa nini. Akisita, andika upya.

Hatua ya 9: Wasilisha mapema, kisha usiguse pochi

Wasilisha siku tatu nne kabla. Siku ya mwisho tovuti huwa nzito na mtu wa kusaidia hapokei simu.

Halafu subiri. Kwenye mifuko mingine bodi hupendekeza, kisha bunge la jimbo ndilo linaloidhinisha fedha, na mkataba hufika baadaye sana. Kwa LWCF kuna ukaguzi wa mazingira na wa mambo ya kale, ikiwamo barua ya ofisi ya jimbo ya uhifadhi wa historia, kabla serikali ya shirikisho haijasaini.

Onyo ambalo ningeliandika kwa wino mwekundu: gharama uliyoingia kabla mkataba haujasainiwa, kwa kawaida hairudishwi. Barua ya pongezi si mkataba. Picha ya meya na mbunge wa jimbo wakiwa wameshika hundi ya kadibodi si mkataba. Nimeona mji ulioagiza vifaa vya kuchezea wiki moja baada ya tangazo ili kuwahi punguzo la bei. Punguzo walilipata. Vifaa walivilipia wenyewe. Usanifu na uhandisi pekee ndivyo ambavyo baadhi ya mifuko huvihesabu hata vikifanyika mapema, na hilo uliza kwa maandishi.

Hatua ya 10: Jenga na dai fedha zako

Mkataba ukisainiwa, fuata kanuni za zabuni za jimbo, si desturi ya mji. Tangaza, pokea, fungua hadharani, tunza zote, hata zilizoshindwa. Kama ni fedha za shirikisho, uliza mapema kuhusu sharti la chuma na vifaa vilivyotengenezwa Marekani, kwa sababu mabomba ya bembea nayo ni chuma.

Fungua faili moja tangu siku ya kwanza: mkataba, zabuni, ankara, hundi zilizolipwa, picha za kabla, wakati na baada. Ankara bila uthibitisho wa malipo haikurudishii hata senti. Dai mara kwa mara kadiri mfuko unavyoruhusu, usingoje mwisho.

Mambo yanapokwenda mrama

*Zabuni zote zimezidi bajeti.* Usikate kitu kimya kimya. Kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho ulichopewa alama. Mpigie afisa wa ruzuku, pendekeza kupunguza ukubwa kabla ya kuondoa kipengele kizima, na upate marekebisho ya maandishi. Njia ya kutembea ya futi 900 badala ya 1,200 hukubalika kirahisi kuliko kufuta vyoo vilivyokupa alama.

*Muda unaisha na kazi haijaisha.* Omba nyongeza kabla ya tarehe, hata kama ni siku moja kabla. Baada ya tarehe, mkataba umekufa, na kuufufua ni shughuli nyingine.

*Diwani amebadilisha mawazo.* Baada ya uchaguzi hutokea. Mwonyeshe azimio, mwonyeshe fedha zilizokwisha kutumika, na mwambie wazi kwamba mji ukijitoa unaweza kutakiwa kurudisha ulichopokea, na ombi lijalo litasomwa na watu wale wale.

*Wakati wa kuchimba mmekuta kitu.* Mifupa, vigae vya kale, tangi la mafuta lililozikwa. Simamisha mashine, zungushia kamba, piga simu jimboni siku hiyo hiyo. Mkandarasi atanung'unika kuhusu ratiba. Mwache anung'unike.

*Tumekosa.* Omba karatasi yenu ya alama. Wengi hawaiombi, kwa hasira. Ilinganishe na ile uliyobandika ukutani, mstari kwa mstari. Mara nyingi mji umekosa kwa alama chache, na alama hizo ziko kwenye vitu vya bei ndogo: kikao kimoja zaidi, njia ya kiti cha magurudumu iliyosahauliwa kwenye mchoro, mstari mmoja kwenye mpango wa miaka 5 unaotaja bustani hiyo kwa jina. Kisha mpigie afisa yule yule, mwambie mnarudi, na muulize dirisha la maombi linafunguliwa lini.